Ukurasa wa Baba Mukwe

Mpendwa Mama Kanku wa redio,

Nisaidie, nimechoka, na anayekuandikia si kijana, ni mtu mwenye upara na wajukuu, anayetumia mashini ya kuandikia ya kazini kwa sababu mke wangu Mwadi anasema mwandiko wangu unafanana na kuku waliokimbia mvua. Mimi ndiye ninayetunza kitabu cha mafundi wa ateli ya reli hapa Kindu, kitabu cha kutengeneza mabehewa, nacho hakitoki Ulaya, tunakijenga wenyewe: kila ukurasa una stensili yake, zile karatasi za nta zinazopigwa kwa mashini, zimetundikwa kabatini mwangu kama nguo zilizofuliwa, na fundi akipata njia bora ananieleza, mimi napiga stensili mpya, natupa ya zamani, tunazungusha roneo, ile mashini ya kunakilia, tunashona, basi kitabu kimepona mwaka mwingine.

Shida ni ukurasa wa breki. Huo aliuandika baba yake Mwadi, mzee Tshibangu, ndiye aliyekianzisha kitabu kabla ya kustaafu, na kwetu watu wa Kasai mtu habishani na baba mukwe, hata kumtazama machoni ni taabu. Sasa yamekuja mabehewa mapya, breki zake zinataka kile chuma kinachobana kikae karibu kabisa na gurudumu, wakati ukurasa wa mzee unasema acha nafasi ya kidole. Nikaubadilisha. Lakini kitabu kipya kikitoka mzee huja ateli, anaketi, anapangusa miwani, anakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wake, anausoma kwa sauti, kisha anasema, "Hii njo kazi," yaani hii ndiyo kazi yenyewe. Ningefanya nini, Mama? Stensili yake sikuitupa. Kila mwaka namchapia mzee kitabu chake peke yake, chenye ukurasa wake, wino mpya na tarehe mpya.

Nilidhani anakiweka nyumbani. Kumbe alikwenda kumtembelea dada yake kwenye stesheni ndogo kusini ya hapa, akamwachia fundi wa pale, Amuri, kitabu kile kama zawadi, na Amuri akapanda treni kuja kuniuliza.

"Sitwayeni, vitabu viwili, breki mbili. Sisi tunafuata cha mzee."

"Kwa nini cha mzee?"

"Njo kipya. Wino bado inachafua vidole. Na muzee mwenyewe alikileta."

Mama, behewa moja limekwisha kuwaponyoka, likavunja ukuta wa stoo. Amuri alikuwa ametoka humo tu kutafuta chai. Nami nikamwambia nitachunguza, mimi niliyepiga vitabu vyote viwili kwa vidole hivi. Nikisema kweli, mzee atajua nimemdanganya kama mtoto, na tangu mama mukwe afariki ni kitabu kile tu kinachomtoa nyumbani. Mwadi anasema, "Ulianza na heshima, utamaliza na mazishi." Nifanyeje? Jina langu usilitaje, mzee hukusikiliza kila Jumapili akitoka misa.

Sitwayeni Muchovu, Alunguli

JIBU

Sitwayeni Muchovu, raia mwenzangu, pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mtu amepanda treni kukuuliza breki ipi inashika, wewe unamwambia utachunguza. Unachunguza nini? Mimi sijui kutengeneza hata baiskeli, lakini najua kwamba kitabu cha kazi hakipelekwi ukweni. Ukweni unapeleka mbuzi. Ungempa mzee mbuzi kila mwaka, leo ukuta wa stoo ungekuwa umesimama, na sote tungekuwa tumekula.

Heshima unayoisema siioni. Umemfanya mzee wa watu abebe hatari kwa mkono wake mwenyewe mpaka kwa dada yake, akiita zawadi. Huo ni uoga, umeuvalisha suti ya abakosi.

Ile stensili ya zamani ichane, na uichane mbele ya mtu, maana najua utasema umesahau. Mwambie mkuu wako kuna vitabu viwili kabla hajavikuta mwenyewe. Ukurasa wa kweli mpelekee Amuri wewe, kwa treni ya kwanza, na kile kitabu kingine urudi nacho mkononi. Halafu mlete mzee ateli, umpeleke chini ya behewa jipya, apime nafasi ile kwa kidole chake. Ataona. Aliyeandika ukurasa ule hakuwa mjinga, ni mabehewa yaliyobadilika. Akishaona, mpe kiti, aseme yeye, upige wewe. Ukurasa mpya nao uwe wake.

Unaniambia desturi inakuzuia kumweleza. Naijua, mimi pia niliolewa. Lakini haimzuii Mwadi, binti yake, naye kwa heshima yako amenyamaza muda mrefu mno. Wala hainizuii mimi.

Kwa hiyo jina lako sikulitaja, ila siwezi kungoja mpaka upate moyo. Mafundi wa stesheni ile, kama munanisikia: kwa mabehewa mapya, ule ukurasa wa nafasi ya kidole musiufuate tena, hata leo.

Na wewe baba, uliyetoka misa, umejijua. Mukwe wako hakukudharau. Alikuogopa, na ameogopa mpaka amechoka. Usimngoje aje, hataweza. Vaa viatu, umwite wewe. Na miwani usiisahau, kuna ukurasa wa kuandika.