Barua ya Ismaël Iliyofunga Akaunti Sita

Kisangani, Komini ya Kabondo
Tarehe 6 Oktoba 2025

Mpendwa Tantine Kadidja,

Na mimi nakataa, Tantine. Nakataa kabisa yale uliyosema katika ujumbe wako wa sauti wa mwisho, kwamba wewe ndiye uliyeharibu zawadi ya harusi yangu, na kwamba hutaki kutuona mpaka upate namna ya kuirudisha. Nilikujibu siku ileile, ukawa umekwisha kuzima simu. Nimejaribu tena mara tisa. Sasa nimeshika kalamu, kwa sababu barua haizimwi.

Lakini nisikose adabu. Salaam aleikum, Tantine wangu. Umeamkaje? Mguu unaendeleaje tangu daktari aondoe vile vyuma? Je, unaweza kupanda ngazi bila kumshika dada Jemima begani? Papa anakuulizia kila siku, na akimaliza kukuulizia anasema dada yake ni kichwa ngumu tangu utotoni. Sisi hapa tu wazima. Mvua zimeanza, mto umejaa, na sombe, majani yetu ya muhogo, ni tamu kuliko mwaka jana, au labda ni mimi tu ninayeona kila kitu kitamu.

Ndiyo, Tantine, ni mimi. Wiki sita za ndoa, na bado nikisikia mtu akisema "bibi ya Ismaël" nageuka kutazama ni nani huyo mwenye bahati. Unajua kazi ya mume wangu, ile meza yake ya kuchapa barua za watu karibu na ofisi ya komini, kompyuta moja, printa moja na mashine ya kopi. Basi kila asubuhi kabla hajatoka ananiachia karatasi chini ya kikombe changu. Ameichapa vizuri kama barua ya serikali. Juu anaandika: "Kwa Mheshimiwa Bibi Nuru. Mada: macho yako." Chini anatia sahihi na kugonga muhuri wake. Ninazo thelathini na nane sasa, nimezipanga katika kopo la maziwa. Hakuna mwanamke Kisangani nzima anayependwa kwa maandishi kama mimi!

Kitu kimoja tu kinanipunguzia raha, na wewe unakijua. Katika ukoo wetu bibi harusi bado ni mgeni mpaka shangazi yake ale chakula cha mkono wake. Ulipolazwa hospitali, harusi ikapita bila wewe. Mama mkwe wangu, Mama Sikujua, hasahau hata dakika moja. Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Bafwasende, nikashika sufuria kubwa. Akaninyang'anya huku anacheka.

"Wee, wacha! Uko mugeni kwanza. Shangazi yako bado hajakula ku mukono yako."

"Mama, wiki sita!"

"Ata miaka sita. Bon, kaa pale, ule."

Nikakaa, nikala kama mgeni. Ndiyo maana zile tiketi mbili za ndege za kuja kwako Kinshasa, zawadi yetu ya harusi, zilikuwa kubwa kwangu kuliko vitanda na masufuria yote niliyopewa.

Sasa Tantine, tafadhali kaa vizuri, uweke mguu juu ya kiti. Aliyefungisha zile akaunti si wewe. Ni mume wangu.

Nitaeleza tangu mwanzo, maana najua Jemima ndiye atakayekusomea, na nasikia yeye anakulaumu kidogo. Kampuni ya ndege ilipotangaza mwaka jana kwamba mtu akinunua maili, zile pointi za kupatia tiketi, wanamwongezea nusu bure, wewe ulisema tufanye likelemba. Kama wamama wa sokoni wanavyochanga, na kila mwezi mmoja anabeba zote, sisi tuchange maili. Tukawa watu sita. Wewe peke yako ndiye mwenye kadi ya benki, kwa hiyo uliwalipia wote, nasi tukakurudishia pesa kwa simu. Tonton Rachidi alibeba wa kwanza, akatoka Kindu mpaka Kinshasa kutibiwa macho. Agosti ikawa zamu yangu, zamu ya arusi.

Sisi tuliona familia. Kampuni wakaona kitu kingine: kadi moja inalipia akaunti sita, na maili za kununua zinahama kila mwezi kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wakafikiri kuna mtu anauza maili kwa siri. Siku ya nne baada ya harusi wakakuandikia wewe na wakaniandikia mimi, wakitaka maelezo ndani ya siku kumi. Wewe ulijibu mistari miwili tu, kwamba hawa ni watoto wa nyumba moja. Walipofunga akaunti zote, pamoja na maili zako za miaka kumi na moja ya kusafirisha vitambaa, ukadhani ni kwa sababu ya ufupi wa jibu lako.

Laiti kila mtu angejibu mistari miwili!

Akaunti yangu ilifunguliwa na Ismaël kwa anwani yake ya imeli. Kwa hiyo ile barua ilifika kwake, na hakuniambia. Aliijibu mwenyewe kwa kurasa tatu.

Niliigundua Septemba, siku niliyompelekea chakula cha mchana. Alikuwa ameinama nyuma ya mashine ya kopi akitoa karatasi iliyokwama. Nikakaa kwenye kiti chake kumsubiri, na pale kwenye kompyuta nikaona jina la kampuni. Nikafungua, nikasoma. Amewaeleza likelemba yote, nani alibeba lini, nani anabeba kesho. Sawa, hiyo ni kweli. Lakini ukurasa wa tatu ameandika kwamba utaratibu wetu ni mzuri hata watu kumi na wanne wa mtaa wamekwisha kujiandikisha kwake, na kwamba yeye yuko tayari kupokea maombi yao na kuwagawia maili. Mwishoni amewakaribisha wakurugenzi wa kampuni nao waingie, zamu zao zingefuata baada ya Wenceslas, wa mwisho katika sisi sita!

Kumi na wanne hao hawakujiandikisha popote. Ni wale waliokuwa wanacheza kwenye harusi na chupa za soda mkononi, wakipiga kelele "na sisi mutuingize!"

"Chéri," nikamwita, "hii ni nini?"

Akainuka na wino puani. Alipoona kompyuta, akakaa chini kwenye sanduku la karatasi.

"Ni barua."

"Naona ni barua. Uliwaambia unagawa maili kwa mtaa mzima?"

"Nilitaka waone kwamba ni kitu kizuri. Nilifikiri watafurahi, Nuru. Watu wengi, ndege inajaa."

"Na Tantine analia Kinshasa akidhani ni yeye! Tangu lini unajua?"

Akajifuta wino kwa mkono. Kulikuwa na mteja amesimama, Mama Émilie anayekaanga ndizi za makemba pale jirani, na karatasi zake zilikuwa bado katika mashine.

"Bibi arusi," akasema, "mugombane polepole. Anipe kwanza kopi yangu, kisha umuue."

Sikucheka siku hiyo. Nilimwachia sahani yake, nikapanda toleka, nikamwambia mwenye baiskeli apite njia ndefu. Kilichoniuma si kosa. Kila mtu anakosea. Kilichoniuma ni kwamba mtu anayeweza kuandika "Mada: macho yako" kila asubuhi alishindwa wiki mbili kutamka sentensi moja. Na sentensi hiyo ingekuondolea wewe mzigo.

Asubuhi iliyofuata chini ya kikombe kulikuwa na karatasi, lakini haikuchapwa. Ameiandika kwa mkono, mwandiko wake mbaya ule, bila muhuri. Ameandika kwamba anaona aibu, kwamba watu wote wanamlipa kwa sababu anajua kuandika barua, na barua ya kwanza aliyoandika kwa ajili ya mke wake imemletea hasara shangazi yake. Kwamba alikuwa anatafuta namna ya kurekebisha kwanza ndipo aseme. Nikamwambia hivyo sivyo. Kwanza unasema, ndipo tunarekebisha wawili. Akasema ndiyo. Tantine, nilimpenda siku ile kuliko siku ya arusi, na siku ya arusi, uliona kwenye picha alivyokuwa amevaa ile suti ya bluu!

Basi tukarekebisha. Tulikwenda katika ofisi ya kampuni hapa mjini, tukamkuta dada mmoja anaitwa Bonheur, mpole lakini hana mchezo. Alisoma zile kurasa tatu mpaka mwisho, akamtazama Ismaël.

"Papa, weye ndiye avoka, mutetezi wa hii familia?"

"Hapana, mimi ni mume wa Nuru."

"Alors, andika kifupi. Nani ni nani kwa nani. Na ulete karatasi zenye muhuri."

Tulizunguka siku tano. Kwa mkuu wa mtaa, karatasi ya familia. Kwa imamu, cheti cha ndoa. Papa akatafuta cheti chako cha kuzaliwa mpaka ndani ya sanduku la marehemu babu. Mkuu wa mtaa alidhani tunaomba kununua ndege, akatutakia baraka. Ismaël akaandika nusu ukurasa. Amekiri kwamba wale kumi na wanne hawakujiandikisha kamwe, kwamba hakuna aliyeuza wala kununua maili kwa mwenzake, na kwamba kosa la maneno ni lake peke yake. Alinipa nisome kabla ya kutuma. Nilifuta sentensi mbili, hakulalamika.

Jibu limekuja Alhamisi, na nakala yake iko ndani ya bahasha hii. Mwambie Jemima aisome taratibu. Akaunti yako imefunguliwa, Tantine! Maili zote ulizozipata kwa kuruka, miaka yote kumi na moja, zimerudi. Za kununua hazirudi, wamezifuta. Na yetu, mimi na Ismaël, imebaki imefungwa moja kwa moja. Za wengine watazifungua, ila wasihamishiane tena. Likelemba ya maili imekufa, Mungu airehemu.

Kwa hiyo ile zawadi imekwenda kweli, sitakuficha. Nililia kidogo. Kisha nikajiuliza nalilia nini: ndege, au wewe? Nikaona ni wewe tu. Na wewe huko angani hukai.

Ismaël alitaka kukupigia akuombe msamaha, simu imezimwa. Alitaka kukuandikia, nikamwambia kwa heshima zote, mpenzi wangu, wewe pumzisha kalamu kwanza. Atakuja kukuambia kwa mdomo, amekaa mbele yako. Ukitaka kumfokea, mfokee. Ukitaka kumpiga na ile fimbo yako ya kutembelea, nitashika mlango ili asikimbie. Ila ukimaliza, naomba ule nitakachopika. Ndicho ninachoomba, Tantine. Usinihesabie maili. Nihesabu mimi.

Tunakuja kwa mto. Baleinière, lile boti refu la mbao, inaondoka Jumamosi hii, na mwenyewe ni rafiki wa Papa, hapakii watu kupita kiasi wala hasafiri gizani. Ismaël amenunua majaketi mawili ya kujiokolea, ya rangi ya machungwa. Nimelijaribu langu nyumbani, akasema nimependeza kuliko kitenge cha harusi, muongo mkubwa yule. Siku kumi na mbili, labda kumi na nne, mimi na mume wangu na maji tu! Wenye ndege wanafika kwa saa mbili, hata hawajamaliza kutazamana. Nabeba sombe iliyotwangwa, samaki wa kukausha, na mafuta ya mawese ya Yahuma, yale mekundu unayosema Kinshasa hayapatikani.

Barua hii inabebwa na Papa Aboubakar, anayekuja kesho kwa ndege kununua bidhaa. Ataleta mpaka mkononi mwako, nimemkataza kumwachia jirani.

Nisalimie Jemima, mwambie asikulaumu tena. Msalimie Yannick, na umwambie mguu wa mama yake si wa kukimbilia sokoni. Mama Sikujua anakusalimu sana, anasema uharakishe kula kwa sababu mikono yake imechoka na sufuria kubwa. Papa anakusalimu, na kile cheti chako anakirudisha sandukuni. Mwenyezi Mungu akuponye mguu wote, mfupa na ngozi, akupe usingizi mzuri na moyo usiobeba makosa ya wengine.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako. Kama hujafungua simu, si kitu. Kama hujataka kufungua mlango, tutakaa kwenye ngazi zako na mafurushi yetu na majaketi yetu ya machungwa. Majirani wote wakiuliza ni akina nani wale, nitawajibu kwa sauti ya kufika ghorofa ya juu kwamba ni watoto wa Kadidja, wamekuja kwao.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda hata ukinuna,

Nuru