Anakula Mafuta, Anapungua

Kitisuru, 9 Februari 2003

Kwa Dada Milcah,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Mimi ni mzima, ila vumbi la mwezi huu limenipa kikohozi. Natumai wewe na Ngina mko salama huko Waithaka, na kwamba magoti yamekupa nafasi ya kupumua. Barua hii nimempa Zedekiah, dereva wetu. Kila asubuhi anampeleka madam ofisini mjini, na duka lenu la kushona liko kwenye njia yake. Jibu mpe yeye.

Dada, nina maneno. Mama Jeremy amerudi kutoka ng'ambo na kitabu. Jana aliniita akaniambia, "Kitavi, kuanzia leo hakuna ugali, hakuna mkate, hakuna viazi. Sukari nisiione." Nikasema sawa madam, nikijua sasa ni mambo ya kabichi. Akasema, "Nipikie mafuta."

"Mafuta gani, madam?"

"Yote. Siagi, krimu, kuku na ngozi yake. Nyama usiikate mafuta. Nataka kupunguza kilo kumi na tano."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Nikauliza, "Kwani mafuta yanapunguza mwili?" Akagonga kitabu kwa kidole: "Ndivyo inavyosemwa humu."

Unamkumbuka Baba. Unamkumbuka yule nesi aliyetuambia, siku tuliyoenda kuuchukua mwili, kwamba mishipa ya moyo ilikuwa imezibwa na mafuta. Na Baba alikuwa mwembamba! Leo asubuhi nimekaanga mayai matatu yakielea kwenye siagi. Alimaliza yote. Nimemaliza miaka kumi na moja jikoni kwa mama huyu na sijawahi kuogopa sahani.

Mdogo wako,
Kitavi

Waithaka, 23 Februari 2003

Kitavi, mtoto wa mama,

Nimefurahi kupata barua yako. Hapa tuko, Mungu anatuweka. Ngina anakusalimia, anasema umemsahau.

Nimesoma habari ya madam wako mara mbili. Nilidhani sijaelewa mwandiko. Mafuta? Huyo mama amesoma mpaka chuo kikuu!

Mimi wiki iliyopita nilikwenda kliniki kwa ajili ya magoti. Daktari alinipandisha kwenye mzani, akaniambia kilo tisini na saba, na nisipopunguza kumi na tano basi cherehani ya kukanyaga niisahau. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nimeshona yunifomu tangu Ngina akiwa tumboni, sijui kazi nyingine. Kula kabichi nimejaribu. Siku ya kumi na mbili nilikula chapati sita, nimesimama, kabla hazijapoa.

Kwa hivyo mwangalie huyo mama vizuri. Akipungua, niandikie. Akianguka, niandikie pia.

Dada yako,
Milcah

Kitisuru, 6 Aprili 2003

Dada mpendwa,

Hujambo? Na goti la kushoto? Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha na mvua.

Kaa chini ndipo usome. Mama Jeremy amepungua kilo saba. Saba! Mzani wa bafuni nimeuona kwa macho yangu, aliniita mwenyewe niuangalie, akapiga makofi kama mtoto. Sketi anazifunga kwa pini. Amewaambia wanawake wa kikundi chake cha kanisani na sasa wanapiga simu hapa wakiuliza mimi hupika vipi. "Anakula mafuta, anapungua," ndivyo Zedekiah anavyowatangazia madereva wenzake. Hata mimi nimeshangaa. Walionenepa hapa ni mbwa wa getini tu. Mlinzi analalamika kwamba hawakimbii tena.

Msalimie Ngina. Sijamsahau.

Mdogo wako,
Kitavi

Waithaka, 27 Aprili 2003

Kitavi,

Amani iwe kwako. Sisi ni wazima, na nina habari: nimeanza.

Ugali nimeacha, chapati nimeacha, chai nakunywa bila sukari. Ndungu wa bucha ananiwekea mafuta ya mbuzi na mifupa yenye uboho. Mwanzoni alidhani nimefuga mbwa. Nilipomwambia ni yangu, kisu kilibaki hewani. Ngina naye alichungulia sufuria akauliza, "Mama, hii ni supu ama ni mshumaa?" Yeye anakula githeri yake ya mahindi na maharagwe, mimi nakunywa mshumaa wangu. Lakini nashiba, Kitavi. Nikila asubuhi, mpaka saa tisa sina njaa.

Roho yangu haijatulia sana, kwa ajili ya Baba. Kila nikiinua kikombe namwona. Wewe ndiwe unayepika, kwa hivyo niambie kweli kabisa, kama mtu wangu: huyo mama anayala hayo mafuta?

Dada yako,
Milcah

Kitisuru, 4 Mei 2003

Dada,

Nashukuru kusikia mko wazima. Mimi pia.

Ndiyo, anayala. Lakini usizidishe. Kila mwili na wake, na yeye ana daktari wake. Ukiweza kunywa supu baada ya kuiacha ipoe na kutoa yale ya juu, si vibaya.

Nina wageni leo, samahani kwa ufupi.

Mdogo wako,
Kitavi

Waithaka, 15 Juni 2003

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi ya Kitisuru. Hapa baridi pia, lakini nina furaha mpaka naona aibu.

Kilo nane zimekwenda! Juzi nilipanda ngazi za dukani bila kushika ukuta, na mafundi wote wakaacha kushona wakanitazama. Ajabu ni watu wa kanisani. Mama Mchungaji alikuja nyumbani na wenzake wawili, wakaomba sana, wakalia, kisha akanishika mkono akaniuliza polepole kama nimekwenda kupimwa virusi. Kumbe mtaa mzima umeshanizika! Nilimwonyesha sufuria. Alishtuka kuliko kama angesikia nina huo ugonjwa.

Asante, Kitavi. Usingeniandikia ndiyo, ningeacha. Nilikuwa nimeshaandaa unga wa chapati barua yako ikaja.

Kuna kichomi tu, hapa chini ya mbavu upande wa kulia, kinanijia nikimaliza supu na kupenya hadi mgongoni. Nadhani ni gesi. Nakunywa maji moto.

Dada yako,
Milcah

Kitisuru, 6 Julai 2003

Dada Milcah,

Nakuombea nafuu kabla ya salamu yoyote.

Wiki jana Zedekiah alirudi na barua yangu bado iko mkononi mwake. Alisema cherehani yako imefunikwa kitambaa, na mafundi walimwambia ulianguka dukani ukigaagaa sakafuni, umepelekwa hospitali kupasuliwa. Nilikuja siku hiyo hiyo na aproni chini ya koti. Ulikuwa bado umelala kwa dawa, una mpira puani. Ngina aliniambia ni mawe kwenye kifuko cha nyongo. Akanishukuru kwa kuja. Sikuweza kumtazama. Nilikaa mpaka wakatutoa, na nililotaka kusema nikarudi nalo.

Nitaliandika. Mama Jeremy hali mafuta yale. Aliyala wiki ya kwanza tu. Siku moja alipanda ngazi akihema, nikawa kama namsikia Baba. Kuanzia hapo nyama niliichemsha jioni nikaitia kwenye friji, asubuhi mafuta yameganda juu meupe, nikayabandua nikawapa mbwa. Kuku nilimchuna ngozi, nikamrudishia kipande kidogo kifuani kionekane. Krimu niliichanganya na mala, maziwa ya mgando. Siagi kijiko kimoja juu, ing'ae. Yeye akasifu, akapungua, akasema ni mafuta. Ningesemaje wakati huo?

Nilikuandikia kile alichokuwa akisema yeye, sikukuandikia nilichokuwa nikifanya mimi. Na uliponiuliza kama mtu wako, niliogopa Zedekiah asije akafungua barua na kunisemea, nikaandika ndiyo. Niliona neno lenyewe likitoka kwenye kalamu na sikulifuta.

Mdogo wako,
Kitavi

Waithaka, 27 Julai 2003

Kitavi,

Niko nyumbani. Kidonda kinafunga. Ngina yuko salama.

Barua yako nilisomewa na Ngina, kwa kuwa nilikuwa siwezi kukaa. Alifika pale pa mbwa akaishusha barua. Nikamwambia endelea.

Nilimuuliza daktari kila kitu, usidhani sikuuliza. Alisema mawe yale pengine nilikuwa nayo miaka, na kwamba mtu akipungua haraka pia huyapata. Supu ilikifinya tu kile kifuko. Kwa hivyo sisemi umeniua. Nikamwambia, daktari, kuna mwanamke hakula mafuta na amepungua, na mimi niliyanywa na nimepungua, sasa ukweli ni upi? Akauliza wote wawili tuliacha nini. Nikamtajia: ugali, chapati, mkate, sukari. Akasema basi tulikuwa tunakula kidogo kuliko zamani, yeye kwa njia yake na mimi kwa yangu. Mafuta yalinishibisha, nikaacha mengine. Ningeyaongeza juu ya ugali wangu wa kila siku, ningekuwa kilo mia na kitu. Ndiyo hiyo tu. Miezi miwili ya mshumaa.

Lakini silo hilo linaloniuma. Wewe uliamini mafuta yanaua. Uliamini kabisa, ndiyo maana ukayabandua. Ukamkinga mwajiri wako, na mimi niliyekulea baada ya Mama ukaniandikia ndiyo. Mbwa wake ulijua wanakula nini. Mimi je?

Usije kwanza.

Milcah

Kitisuru, 17 Agosti 2003

Dada,

Najua ulisema nisije. Hukusema nisiandike. Nakuombea kidonda kipone vizuri.

Nimemwambia Mama Jeremy. Nilimkuta jikoni akinywa maji, nikasema yote kwa mpigo mmoja kabla sijaogopa. Aliweka glasi chini.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili, madam."

"Kwa hivyo mbwa..."

"Ndiyo, madam."

Alikaa kwenye kiti changu cha kumenyea viazi. Akasema, "Nipikie. Sasa hivi, kama kitabu kinavyosema." Nilimpikia. Alikula vijiko vitatu akasukuma sahani. "Hiki ndicho nimekuwa nikiwaambia watu wale? Mimi hiki sijakionja tangu ile wiki ya kwanza!" Akaniambia nivae shati safi.

Jumamosi alinipeleka mjini, kwenye ukumbi wanakokutana wale wanawake wa kikundi. Walikuwa kama arobaini. Alisimama akasema, "Nimewadanganya bila kujua. Huyu atawaambia nilikula nini." Dada, sijawahi kusema mbele ya watu. Nilisema nikitazama viatu vyangu. Nilipomaliza ukumbi ukalipuka. Mmoja akapaza sauti, "Mimi nimeyala kweli na nimepungua kilo tano!" Mwingine akasimama, jina lake Wanjugu, akasema ameyala juu ya mukimo wake wa viazi na mahindi na ameongeza sita, na alikuwa anadhani Mungu anamtania yeye peke yake. Wakageukiana. Ndipo nikawaambia maneno ya daktari wako, yale uliyoniandikia. Hapo walinisikiliza. Niliwaambia pia ni dada yangu aliyelipia maneno hayo kwa tumbo lake, na kwamba ni mimi niliyemwandikia ndiyo.

Tulirudi na Mama Jeremy, tukasimama getini. Kisha akasema, "Kupika ni kazi yako, Kitavi. Mwili ni wangu. Ungeniambia unaogopa, ningekusikia." Nina hadi mwisho wa mwezi. Amenipa barua ya kutafutia kazi. Imeandikwa: mpishi hodari, msafi, mwaminifu kwa vitu vya nyumba. Hasikii anachoambiwa.

Sina pa kwenda kuanzia tarehe moja, lakini sikuandiki kwa hilo. Nilitaka ujue kwamba nimesema.

Mdogo wako, kama bado,
Kitavi

Waithaka, 24 Agosti 2003

Kitavi,

Tunaendelea vizuri. Daktari ameniruhusu kurudi dukani, nusu siku. Magoti yanakubali.

Mwanamke aliyekuwa kwenye ukumbi ule alikuja kushonesha sare, akasimulia habari ya mpishi aliyelia mbele ya kikundi. Hukuniandikia kwamba ulilia. Hata hilo umelibandua.

Sijakusamehe. Nimejaribu nikipiga pasi, nikajaribu nikiwa kanisani, bado. Labda inataka muda kama kidonda. Lakini mtoto wa mama yangu hawezi kulala barabarani mimi nikiwa na kochi. Njoo tarehe moja. Ngina atakungoja stendi.

Jikoni kwangu hutaingia. Sijui mpaka lini. Utakaa mezani, utakula nitakachokuwekea, na hutauliza nimetia nini.

Dada yako,
Milcah