Nyuki Wangu na Salfa Yako

Saidi mdogo wangu, makundi tisa ya nyuki kati ya kumi na manne yalikufa Jumanne ile ya mwezi wa nane, ulipopuliza salfa kwenye mikorosho bila kuziba milango ya mizinga jioni ya kuamkia siku hiyo. Mizinga yote niliichonga mwenyewe. Nimechoka kugombana kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Leo nimepanda msitu wa hifadhi wa Matogoro, hapa Songea, na magoti yananiuma. Kumekauka. Miyombo mingi imepukutika, michache inachipua majani mekundu ingawa mvua bado. Pimbi wanaota jua maweni. Mara ndege mdogo wa kijivu, yule anayeongoza watu kwenye asali, akatupigia kelele mimi na mama mlinzi wa msitu.

"Anakuita wewe, dada," mlinzi akasema. "Mimi ananijua, sina shoka!"

Tulimfuata hatua mia tatu hadi kwenye mti wenye tundu, nyuki wakiingia na kutoka. Nikaanza kuwahesabu, nikashindwa, machozi yakanitoka.

Wafugaji nyuki wa hapa wana kibali cha kuweka mizinga msituni, na wamebakiwa na nafasi ya mizinga mitano. Yangu iliyobaki huko Nalasi ni hiyo hiyo mitano. Sipendi kuihamisha, nataka ikae nyumbani, na wewe korosho zako upate.

Nibusie watoto, wifi mpe pole ya mafua. Nipigie kabla ya swala ya Ijumaa ijayo, useme ndiyo au hapana: utaziba milango kabla ya kupuliza?

Dada yako