Daktari wa Nini?

Lubumbashi, tarehe 6 Oktoba 2025

Papa mupenzi,

Jambo yenu hapo Kalemie. Kifua cha Mama kinaendaje? Na wewe, mugongo? Mimi mwili ni muzima, roho ndiyo inayumba kidogo.

Nimeanza ile bourse, ule ufadhili wa chuo kikuu. Asubuhi naona wagonjwa pamoja na wanafunzi, muchana nafundisha, jioni nafanya utafiti. Profesa Anne, mukubwa wetu, anataka mimi muganga wa magonjwa yote niwafundishe vijana kumusikiliza mugonjwa. Lakini wenzangu, huyu wa moyo, yule wa figo, wananicheka: na wewe ni daktari wa nini? Kwenye upasuaji kuna nafasi moja, wanaifunga mwisho wa Novemba. Kusema kweli, Papa, nataka kuhamia huko. Unasemaje?

Mutoto wako, Nathanaël

Kalemie, tarehe 19 Oktoba

Mutoto wangu Nathanaël,

Barua yako imefika pamoja na kamio, lile lori la samaki. Mama yako hakohoi tena, anakusalimia mpaka naona wivu. Mimi niko, namushukuru Mungu, ila kiu tu. Unajua kazi yetu: samaki mugebuka wa chumvi lazima nimuonje mbele ya wanunuzi, basi chumvi inanikausha, bidoni ya maji naimaliza kabla jua halijazama. Mama yako ananitania kwa sababu mukaba nimeutoboa tundu lingine. Anasema nimerudi ujana. Usiku natoka nje kila mara, na asubuhi pale nilipokojoa sisimizi wamejaa, utafikiri kuna arusi.

Sasa neno lako. Nenda upasuaji. Kwenye Shirika letu la sala, Papa Valère ananiuliza kila Jumapili mutoto wangu ni daktari wa nini, na mimi nanyamaza. Wake ni wa meno, na analisema kwa sauti. Mimi nakusifu, usiwaze vingine. Ulipokuwa hapa muji wote ulikuja kwako. Lakini nataka jina la kusema.

Papa yako, Télesphore

Lubumbashi, tarehe 27 Oktoba

Papa,

Leo siulizi habari ya afya, umekwisha kunipa. Nimepiga simu mpaka nimechoka. Najua simu yenu mumeiweka sandukuni isichakae. Ndiyo maana barua hii inakuja na ndege, mikononi mwa rafiki yangu Jeancy.

Kiu, mukaba, kutoka usiku, sisimizi: vyote hivyo vinakwenda pamoja, na si chumvi. Nadhani ni ugonjwa wa sukari. Ukimaliza kusoma, nenda kwa Docteur Sonia, yule niliyemuachia kazi yangu hapo hospitali. Mama akupeleke yeye mwenyewe, kwa sababu wewe utasema una samaki juani. Nakuomba sana, Papa, leo hii. Naogopa.

Mambo ya upasuaji tutasema baadaye.

Nathanaël wako

Kalemie, tarehe 12 Novemba

Mutoto wangu,

Sisi wote wazima, na safari hii ni kweli. Mama yako alinitoa kwenye vichanja vya samaki, chumvi ingali mikononi. Docteur Sonia alinitoboa kidole, akapima damu, akanilaza palepale. Alisema ningengoja Noeli, wangeniokota nimezimia. Sasa niko nyumbani, nameza dawa, na ugali nakula kwa kipimo na manung'uniko. Kiu imekwisha. Mugebuka bado naonja. Chumvi nimeisingizia bure.

Kitandani niliwaza sana. Habari za mukaba na sisimizi nilikuandikia ili ucheke. Wewe ukasoma upuuzi wangu wote, ukaniona mimi ndani yake. Nililia, Mama yako ni shahidi.

Jumapili Papa Valère aliuliza tena, Shirika zima linasikia. Sikunyamaza.

"Ni daktari wangu," nikamujibu. "Wangu wote, toka utosi mpaka sisimizi."

Tulipotoka alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama utakuja Noeli. Magoti yanamusumbua, usingizi hapati, na hajui amuambie nani.

Upasuaji waachie wengine.

Papa yako, Télesphore