Vumbi Jekundu

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kaondoka. Mke wangu kampeleka hospitali, wakamtoe mtoto wa jicho. Jicho la kulia kwanza. Mimi mama kaniachia zulia lake.

La sufu, jekundu, limeenea sebule nzima. Tangu ahamie kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Leo mlangoni kanishika mkono: ukipata nafasi, baba, lifyonze vumbi, ila brashi ya mashine usiwashe. Kaniinamisha, kapitisha kiganja changu juu ya manyoya. Huku yanalala. Huku yanasimama. “Fuata linakolalia. Likikataa, usishindane nalo.”

Ukipata nafasi! Mimi nina nafasi kuliko uwanja wa mpira. Mwezi wa nne huu tangu kiwanda cha maboksi kitupunguze. Shemeji ananiita kupe, tena hashushi sauti. Mama mkwe peke yake ndiye aliyemjibu, nilimsikia kupitia ukutani: huyu ana mikono ya kazi, mwacheni. Sijawahi kumshukuru. Nitamshukuru kwa zulia.

Jumanne, 4 Machi

Mikono inaniwasha. Nimefua, nimepiga deki, nimepanga viatu kwa ukubwa. Saa nne tu na kazi zimekwisha!

Nikaingia kwenye zulia. Nimefyonza kama nilivyoagizwa, polepole, kufuata linakolalia. Kopo la mashine likatoa vumbi la kijiko kimoja. Ndiyo kazi hiyo? Nikasema niwashe brashi kidogo tu, pembeni, nione.

Loo! Kopo likajaa. Vumbi jekundu, laini kama pamba. Nikamwaga, nikarudi palepale, likajaa tena. Nikajisemea masikini mama wa watu, anaishi juu ya uchafu wote huu na haoni. Kadiri lilivyotoka ndivyo nilivyozidi kukandamiza. Simu ikalia — yule wa ghala aliyeniahidi kibarua. Nikaongea naye nimesimama, brashi inazunguka pale pale. Kasema atanipigia. Wote husema watanipigia.

Kopo la tatu ndipo akili ikanirudia. Vumbi gani lenye rangi ya zulia?

Nimezima. Kuna upara. Upana wa mdomo wa mashine, urefu wa mkono wangu. Nyuzi za chini zinaonekana, nyeupe.

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi nguo wa hapo jirani. Sufu nimeitia kwenye mfuko, sikuitupa. Nimemuuliza kama inarudishika. Kaitazama, kanitazama mimi. “Kaka, hizi ni nywele zimeshaanguka kwa kinyozi. Wewe ulishaona mtu anarudishiwa?” Kacheka mwenyewe. Halafu kaacha kucheka, kaniambia nimwambie mwenye zulia kabla hajaona. Yakimwagika hayazoleki, lakini anayeyamwaga ndiye aseme.

Nikaitikia. Kuitikia ni bure.

Mke wangu kapiga. Presha ya mama iliyochelewesha upasuaji imeshuka, kesho wanamfanyia. Mama anauliza zulia lake halijambo? Nikasema linang'aa.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike tu, humu hasomi mtu.

Jicho limefanyiwa mchana, limefungwa bandeji. Nilipoambiwa limekwenda vizuri, moyo wangu ulishuka. Ulishuka! Nilikuwa nataka lichelewe. Wiki mbili. Mwezi. Mtu mmoja katika ukoo mzima aliyenisemea neno zuri, nami namtakia giza.

Halafu nikaligeuza zulia. Kichwa kikawa miguu, upara ukaingia chini ya kochi. Hauonekani kabisa. Lakini nikitazama kutoka mlangoni, rangi si ile! Lilikuwa jekundu zito, sasa limepauka, kwa kuwa manyoya yanaelekea upande mwingine. Nimefunga pazia. Nimefungua. Nimewasha taa, nimezima. Nimekaa, nimesimama. Kochi nimelisogeza mara sita.

Ijumaa, 7 Machi

Bandeji imetolewa. Mke wangu analia kwa furaha kwenye simu: mama kasoma bango la ng'ambo ya barabara! Kamwambia daktari kuwa shati lake limekosa kifungo!

Kisha mama mwenyewe kachukua simu. “Baba, nimejiona kwenye kioo. Nimezeeka hivi, na wote mmenyamaza?” Nikacheka. Akasema kesho atanitazama na mimi vizuri, maana amechoka kumjua mkwewe kwa sauti.

Hapo ndipo ningesema. Nikamuuliza watafika saa ngapi.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika. Naandika jikoni, nimesimama.

Mke wangu kamfikisha, katoka tena kufuata dawa ya matone. Kaniachia maagizo ya daktari: mama asiiname, asinyanyue, asisukume kitu chochote kizito, jicho bado bichi.

Mama kanitazama muda mrefu pale mlangoni. Kasema nimekonda. Zulia hata hakulitazama. Nikapumua! Akavua viatu, akakanyaga, hatua moja, ya pili. Akasimama.

Mwaka mzima huu ameishi kwenye ukungu. Zulia lile alikuwa akilijua kwa nyayo, nami siku nne nzima nahangaika na macho yake.

Akasogeza mguu mbele, akaurudisha. “Linakataa,” akasema taratibu. “Mbona leo linanikataa?”

Nikasema niweke chai kwanza, Mama.

Maji yamechemka mara mbili. Vikombe nimevisuuza, nimevisuuza tena. Za mwizi arobaini, zangu hata wiki hazikutimia. Nitakwenda. Nikimaliza mstari huu nakwenda, nampa na ule mfuko wa sufu.

Ananiita. Baba, hapa chini ya kochi kuna nini?

Nimesema nakuja.

Miguu ya kochi inaburuzwa sakafuni. Analisukuma mwenyewe! Daktari kasema asi