Nilichokiona Nyuma ya Goli

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba, mama. Barua yako imefika. Huku Bugarama tuko salama. Bibi yako anaanika maharage na kugombana na mbuzi.

Unauliza kama uende kutazama timu ya chuo chenu, wakati ukocha ulioutaka kapewa mwenzako. Nami nilinyimwa hivyo hivyo. Chuo chetu cha ualimu kilipounda timu yake ya kwanza, wakufunzi wawili tuliutaka ukocha, akapewa Petro. Kucheza nilimzidi, kila mtu alijua. Nikimwona na ile filimbi shingoni, roho iliniuma.

Mechi ya kwanza ilikuwa Biharamulo. Nilipanda lori lao nikijifanya shabiki, kumbe nakwenda kumwona akifungwa. Nikasimama nyuma ya goli letu. Kosa nililiona mapema: beki wa kushoto alikuwa anapanda mno, anaacha upande wake wazi. Mapumziko Petro akanijia mbele ya wachezaji wote.

"Mwenzangu, wewe mpira unaujua. Umeona nini?"

"Sijaona kitu," nikamjibu.

Tulifungwa mawili, yote upande ule. Beki akalaumiwa njia nzima, nami nimekaa naye lori moja, kimya. Petro akanishukuru kwa kuja.

Aliifundisha timu ile mpaka akastaafu. Sikudanganyi, hadi leo wakimsifu mimi hunyanyuka nikaondoka.

Nenda, Editha. Nenda na wivu wako huo huo. Ila mwenzako akikuuliza umeona nini, mwambie.

Babu yako