Nani Anamdai Mwanangu

Saint Paul, Minnesota
Mwezi wa tano, mvua ya baridi

Mdogo wangu mpendwa Song Lue,

Nakusalimu wewe, shemeji yangu na watoto wote wa huko Guyana ya Ufaransa. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba mishokishoki yenu imezaa kiasi cha kuwachosha wachumaji. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, ambayo hayajawahi kuukubali uhamisho huu. Theluji ikiyeyuka bado nainua pua kutafuta harufu ya mashamba yaliyochomwa kule milimani kwetu Laos, halafu nakumbuka nilipo.

Nina habari njema, na ndani yake imo nyingine nzito. Naanza na ile njema, kwani ndiyo iliyoizaa ya pili.

Mjukuu wetu Gaonou, binti wa marehemu mwanangu Kou, amehitimu unesi katika chuo cha jamii cha hapa jirani na amefaulu mtihani wa leseni. Ameshapata kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa moyo. Unajua kwamba zamani alitaka misitu. Wakati Kou anafariki ghafla, Desemba ile, yeye alikuwa mwaka wa kwanza chuoni hapo, akimaliza masomo ya msingi ili ahamie chuo kikuu kusomea miti na udongo. Miezi michache baada ya mazishi alinijia akasema anafikiria unesi, akaniomba tupime pamoja.

Nawe unanijua kwa kupima. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu mishahara na mikopo. Misitu ilitaka miaka mitatu zaidi chuo kikuu na mkopo wa karibu dola elfu arobaini, kisha mshahara wa mwaka wa kuanzia usioufikia hata huo mkopo. Unesi ulitaka miaka miwili palepale alipo, ada karibu yote ikibebwa na ruzuku ya serikali kwa watoto wa familia kama zetu, na mshahara wa kuanzia dola elfu sabini na kitu. Shahada ni fupi, leseni ni ileile.

Tong Pao, mwanangu mdogo, alichukia. Alisema mtoto wa kaka yake hawezi kuishia chuo cha mtaani ambacho hata mbwa wa jirani akijiandikisha anapokelewa. Nikamjibu kwamba mbwa huyo akihitimu atamdunga yeye sindano kwa leseni ileile ya wasomi wake, na hatamwuliza alisomea wapi. Watu walicheka, na Gaonou akakubali siku ileile. Nilitembea kifua mbele miaka yote miwili. Niliwaambia wazee wenzangu kwamba mjukuu wangu atamaliza bila kudaiwa senti, na kwamba hesabu ni yangu.

Jumamosi iliyopita tulimfanyia karamu. Kuku walichemshwa, mchele wa kunata ukatolewa, na watu wakapanga mstari kumfunga nyuzi nyeupe mikononi, kila mmoja akisema baraka zake kwa sauti. Ikafika zamu ya Mzee Blia Xang wa ukoo wa Yang. Alifunga uzi wake taratibu, kisha akasema, wote tukisikia: "Mjukuu wangu, ulinilipa deni la baba yako kwa fedha ya shule. Uzi huu ukurudishie mara kumi."

Alidhani najua. Mkamwana wangu Ying, mama yake Gaonou, aliinuka akaenda jikoni. Mimi nilibaki na uzi wangu mkononi, sijui niufunge wapi.

Ndugu yangu, katika mazishi ya Kou mimi ndiye niliyeuliza madeni. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kuzika, wanaume wa ukoo wamepiga magoti na ubani mikononi. Niliuliza mara tatu, kama ilivyo ada yetu: nani anamdai mwanangu? Asimame tumlipe au amsamehe, marehemu asiondoke na mzigo wala asiwaachie watoto wake. Hakusimama mtu. Nilikuandikia kwa fahari kwamba Kou ameondoka msafi.

Kumbe kimya kile kilinunuliwa. Wageni walipoondoka nilimketisha Gaonou, naye akanieleza bila kulia. Baba yake alikuwa amekopa kwa wazee wanne ili kuokoa kibanda chake cha mboga sokoni, na kibanda kikafa hata hivyo. Zile wiki tulizongojea zamu ya ukumbi wa mazishi, binti alimwendea mzee mmoja baada ya mwingine akawalipa. Alichukua mkopo wa masomo wa serikali wa muhula ule, akaongeza mwingine wa kampuni yenye riba kali, mama yake akatia sahihi. Leo anadaiwa dola elfu ishirini na sita.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Ungesimama wewe kulikiri deni, babu. Mbele ya koo zote. Wangesema baba alikula fedha za wazee."

Nikamwuliza, na misitu je?

"Misitu isingelibeba deni lile. Nilishapiga hesabu kabla sijaja kwako. Nilikuja tu uangalie kama nimekosea."

Na mimi, Song Lue, sikuona kosa. Nilimpigia makofi.

Nimewaita wale wazee wanne waje hapa Jumapili ijayo. Sitawadai chochote, walichukua haki yao. Nataka nipige magoti niulize upya, mara tatu, nani anamdai mwanangu, na safari hii asimame Gaonou, ili deni liwe la ukoo mzima. Wewe ulijifunza maneno ya mazishi kwa mjomba, mimi nilikimbilia vitabu. Niambie: mila inaruhusu swali hilo kuulizwa tena kaburi likishafungwa? Mtoto anaweza kumdai baba yake?

Nipigie simu kabla ya Jumapili, hata kama jibu ni hapana. Nilishamwambia binti mpango wangu. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi, hakuinua macho.

"Sitasimama, babu," alisema. "Nikisimama, baba atajua kwamba aliniachia mzigo."

Tong Pao anakusalimu, na Ying pia. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji umwambie pilipili alizotuma zilifika salama.

Ndimi kaka yako,
Wa Chong Moua